Mharagwe Uliofuata Jua

Jumatatu, 11 Mei 1874

Barua imefika! Barua ya Dakta Hartnoll mwenyewe! Ukurasa mmoja, upande mmoja, doa la wino pembeni. Sijali. Nimeisoma na kuirudia mpaka Baba akauliza kama imeandikwa Kilatini, ndiyo maana haiishi.

Dakta Hartnoll anakaa Reigate na anatunga kitabu kuhusu mimea inayotambaa: jinsi inavyopapasa, inavyoshika, inavyojizungusha mitini. Anaandikiwa na watu wa Uingereza nzima. Makasisi, makapteni wastaafu, akina mama wenye bustani za vioo. Na mimi, Jabez Wickenden, miaka kumi na mitano, mtoto wa mkulima wa mihopi, ile mimea inayotia bia uchungu, Marlhurst, Kent. Ana kwa ana siwezi kumwomba mtu chumvi mezani. Kwenye karatasi nina ujasiri.

Nilimwandikia kuhusu mharagwe wangu, ule wa kwenye chungu, dirishani sebuleni. Kila mtu anajua kwamba mhopi hupanda mti kwa kufuata jua: mashariki, kusini, magharibi. Na kila aliyesoma anajua kwamba mharagwe hufanya kinyume. Miharagwe yote. Isipokuwa wangu! Wangu unafuata jua, kwa adabu kabisa. Nimeuchora kila siku nikirudi kutoka shule.

Dakta anasema jambo hili likithibitika ataliweka kitabuni, pamoja na jina langu. Likithibitika! Neno zuri kuliko yote niliyowahi kuandikiwa.

Na limekuja kwa wakati. Kazi ya kufunga mihopi ikiisha mwezi ujao, Baba ananitoa shule anipeleke Maidstone, kwa Mjomba Silas, muuza miavuli. Nilale juu ya miavuli, niamke niuze miavuli. Baba si mkatili. Anasema tu kwamba hajaona vitabu vimenifundisha nini zaidi ya kujikwaa kwenye miti yake ya mihopi. Jana akatoa nafasi moja. Akitokea mtu mwenye akili timamu na koti zuri, akamwambia usoni kwamba mambo yangu ya majani yana maana, nitabaki shule mwaka mmoja zaidi.

Dakta Hartnoll lazima ana koti zuri.

Jumatano, 13 Mei

Nimekutana na Hester Pargeter getini kwa kasisi. Mpwa wa kasisi, miaka kumi na sita, haogopi kitu. Naye anamwandikia Dakta. Ana mmea wa kinamasi unaokula nzi, anaulisha vipande vya yai na kuandika unachofanya. Akaniambia, kama mtu anayetaja hali ya hewa, kwamba leo amepata majibu. Kurasa nne. Pande zote mbili.

Nne!

Nikasema wangu unafuata jua. Sauti ilitoka kama ya kifaranga. Akacheka, akasema miharagwe ya mjomba wake inazunguka kinyume yote, hata ile mibovu, na ningemruhusu aje auone huo wangu? Nikamwambia unaogopa wageni. Akauliza nani, mharagwe au mimi.

Jibu zuri nimelipata nilipofika nyumbani. Nimeliandika kwenye karatasi nyingine, nitalitumia siku moja.

NB. Asubuhi mharagwe huwa umelegea, ncha inaning'inia upande usiotakiwa. Usingizi, nadhani. Sikumwandikia Dakta. Inaharibu mchoro.

Jumamosi, 16 Mei

Sikuweza kungoja. Jumatatu ile ile nilimjibu Dakta kwamba jambo limethibitika. Nilithibitisha kwa kuutazama tena.

Leo kuna jibu. ANAKUJA! Jumamosi tarehe thelathini, kwa treni ya asubuhi. Atakaa kando ya mharagwe saa kadhaa aone ncha yake ikizunguka kwa macho yake mwenyewe. Anaomba kiti kigumu na asisemeshwe.

Nimemwambia Baba. Akaacha kula. Akauliza, mtu mzima? Atoke Reigate, alipe treni, aje kutazama haragwe? Shangazi Keziah akamjibu kwamba wengine hutoka mbali zaidi kwenda kutazama farasi wakikimbia, na farasi hawaliwi. Shangazi ni dada yake Baba. Ndiye aliyenilea tangu Mama afariki, na ndiye mwenye nyumba, ingawa Baba hajaambiwa. Kwa miaka mingi alikuwa kiongozi wa wanawake wanaofunga mihopi kwenye miti yake, na bado anatembea kama anayehesabu safu.

Baba akatafuna kidogo. Akauliza koti. Nikasema bila shaka.

Ijumaa, 22 Mei

Siku mbaya kuliko zote.

Nilitaka siku nzima na mharagwe wangu kabla Dakta hajaja. Basi nikaumwa jino. Nikafunga kitambaa taya mpaka utosini, nikagumia wakati wa chai. Shangazi akanipa karafuu, akanirudisha kitandani. Baba alipokwenda shambani nikashuka ngazi kwa soksi, nikachungulia sebuleni.

Shangazi alikuwa dirishani. Amekunja mikono ya gauni. Alikuwa anaufumua mharagwe! Mzunguko kwa mzunguko, taratibu, kama anayefumua nywele za mtoto. Kisha akausuka upya kwenye kijiti kwa upande mwingine. Kwa kufuata jua. Alipofika nchani akaupigapiga kidogo, akasema haya, nenda na wenzako.

Nikatoa sauti. Nadhani ilikuwa mlio.

Hakustuka hata kidogo. Akasema ameufanya hivyo tangu baada ya Pasaka, kila siku ya kazi, kabla sijarudi kutoka shule. Jumapili anauacha, kwani Jumapili si siku ya kufunga mihopi. Na ananishangaa. Nyumba ya Wickenden! Hapa pudingi inakorogwa kwa kufuata jua, mtungi wa bia unapitishwa mezani kwa kufuata jua, babu yake alibebwa kuzikwa akizungushwa kanisa kwa kufuata jua. Halafu mtoto anaweka dirishani, mbele ya watu wanaopita, mti unaokwenda kinyumenyume? Alikuwa ananisitiri. Nikasema kwa ule mlio kwamba miharagwe ndivyo ilivyo. Akasema huko bustanini ifanye itakavyo, ni mihuni. Ndani ya nyumba yake, hapana.

Kisha akauliza jino. Nikasema limepona. Akasema alijua.

Jumamosi, 23 Mei

Nimefikiri tangu alfajiri.

Kwanza: nimwandikie Dakta ukweli. Hatakuja. Miavuli.

Pili: aje, akute mharagwe wa kawaida unaozunguka kama miharagwe ya kasisi. Ataona ametapeliwa, Hester atajua. Miavuli, na aibu juu.

Tatu: mharagwe ubadilike kabla ya Jumamosi ijayo.

Nimechagua la tatu.

Jumatatu, 25 Mei

Mharagwe haubadiliki. Nimegeuza chungu. Nimeweka kioo cha kunyolea cha Baba ili jua litoke upande mwingine. Baba akajikata shavu kwa kunyoa kwa kukisia. Nimetundika subana ya Shangazi, kofia yake ya kidole ya kushonea, kwenye ncha iivute kwa uzito. Ncha ikainama, ikaizunguka subana, ikaiinua. Kinyume cha jua! Kama ingekuwa na ulimi ingenitolea.

Nimeongea nao kwa upole. Shangazi alipita, akasema nisijisumbue, yeye ameshauambia mengi, ule una kichwa cha upande wa mama yangu.

Jumanne, 26 Mei

Nimepata!

Niliona nikiwa kwenye somo la Kilatini, katikati ya kitenzi. Nikacheka peke yangu, nikasimamishwa pembeni. Sijali. Ni kitu gani hufuata jua siku zote, bila kubembelezwa, na kimejaa shambani kwetu kuliko nyasi? Mhopi! Dakta anataka kuona ncha inayofuata jua. Ataiona. Haijazuiwa mahali popote kwamba ncha hiyo lazima iwe ya mharagwe. Imezuiwa, lakini ataonaje? Ana miaka sabini, na barua zake zinaonyesha haoni mstari.

Jioni nikachimba chipukizi la mhopi na mizizi yake kutoka safu ya mbali, kule Baba hafiki mara kwa mara. Nikaliweka kwenye chungu kile kile. Mharagwe halisi nimeuhamishia kwenye ndoo mbovu. Chipukizi limelala kama mgonjwa. Nikalinywesha maji, nikaliombea.

Alhamisi, 28 Mei

Mhopi umesimama! Unazunguka vizuri ajabu. Tatizo ni majani. Jani la mhopi lina meno kama msumeno. La mharagwe ni laini, matatu matatu. Nikayakata ya mhopi. Nikachukua ya mharagwe bustanini, nikayafunga moja moja kwa uzi wa kijani wa Shangazi. Kwa mbali ni mharagwe kabisa. Kwa karibu ni mharagwe uliopata ajali.

Shina la mhopi linakwaruza. Nina michirizi mpaka kwenye kiwiko. Nimemwambia Shangazi ni paka. Akasema hatuna paka.

Yeye mwenyewe kautazama mti mpya dirishani, akaona unafuata jua bila kuguswa. Akajishika kiuno. Akasema, umeona? Umesikia hatimaye. Furaha yake ilikuwa kubwa hata nikashindwa kumtazama.

Uficho wa mharagwe halisi ulinisumbua. Ghalani Baba yupo, jikoni Shangazi yupo, chumbani kwangu hakuna mwanga na sitaki ufe. Mwishowe nikauweka mahali ambapo mgeni mwenye heshima hawezi kutia pua. Chooni, nje, pembeni, nyuma ya fagio.

Hester amenikuta barabarani, akauliza Dakta anafika lini. Nikasema Jumapili. Mara hii sauti ilitoka vizuri. Najivunia.

Jumamosi, 30 Mei

Niandike kwa mpangilio.

Saa nne. Kubisha mlango. Nikakimbia, nikajikwaa kwenye zulia, Baba akanitangulia. Nikamsikia akimwambia mtu kwamba asante, leo hatuna mwavuli wa kutengeneza, azunguke jikoni apewe mkate. Baba alidhani ni fundi miavuli ametumwa na Mjomba Silas. Alikuwa Dakta Hartnoll. Mwavuli umevunjika mbavu, kofia ya nyasi mwezi Mei, udongo magotini, na koti! Koti la rangi isiyo na jina. Mfuko mmoja ulikuwa unaning'inia kwa uzi kama sikio la mbwa.

Baba aliutazama mfuko ule. Kisha akanitazama mimi. Nikahisi harufu ya miavuli.

Dakta hakuona kitu. Akanipa mkono, akaniita kijana, akasema barua zangu zina nguvu kuliko mkono wangu. Hapo hapo akaingia Hester na kikapu. Dakta mwenyewe alikuwa amemwandikia tarehe! Akanisalimu kwa uso mkunjufu kabisa. Akasema Jumapili imewahi mwaka huu.

Tukaingia sebuleni. Dakta akakaa kwenye kiti kigumu, akatoa miwani, akainamia mti. Ncha ikaenda mashariki. Ikaja kusini. Ikaelekea magharibi. Mhopi mwaminifu! Ilizunguka kwa kufuata jua huku majani ya bandia yakilegea moja baada ya jingine kama bendera siku isiyo na upepo. Nikasema kwamba yanalala mapema. Akasema nisimsemeshe.

Hester akasogea kando yangu. Akanong'ona kwamba uzi unaonekana, wa chini kushoto. Nikasema uzi gani? Akatoa mkasi mdogo kikapuni, akajifanya anatazama nje dirishani, akakata ncha ya uzi, akarudisha mkasi. Hila gani hii? Bado sijaielewa. Nimeitia alama nitaichunguza.

Dakta akaligusa shina kwa kidole kimoja. Akakitazama kidole. Akakigusanisha na kingine, akakinusa. Nikaona kila kitu kinakwisha. Lakini aliomba chai tu. Akanywa vikombe vitatu, akala keki ya Shangazi, akawa anatingisha goti. Kisha akainuka, akamuuliza Shangazi kwa sauti ya chini pa kwenda.

Shangazi akamwonyesha mlango wa nyuma. Chooni!

Nikasema ngoja. Hakuna aliyesikia. Nikasema, kuna nyoka. Baba akasema kaa chini, Jabez. Nikakaa. Dakta akaenda. Akakaa muda mrefu. Baba akatazama saa, akasema mzee wa watu labda amezidiwa. Hester alikuwa ananitazama kama anavyoutazama mmea wake nzi anapotua.

Dakta akarudi. Mkono mmoja ndoo, mkono mwingine fagio, na kati yake mharagwe wangu, umelipanda fagio lile tangu mpini mpaka karibu na juu. Kinyume cha jua! Kila mzunguko! Akaviweka vyote mezani, kando ya keki. Akamwambia Baba kwamba amekutana na mtu mkweli huko nje, na angependa atambulishwe.

Baba hakuutazama mharagwe. Alikuwa ameinamia chungu cha dirishani. Akang'oa jani moja. Likatoka na uzi wake. Akang'oa la pili. Baba anaijua mihopi yake kama mchungaji na kondoo. Akasema polepole kwamba huyu ni wake, wa safu ya mbali, na angependa kujua amefanya kosa gani mpaka amevalishwa hivi.

Nikaliokota jani la kwanza, nikalificha mfukoni.

Baba akasema Jumatatu. Neno moja tu. Tulijua wote ni Jumatatu gani na wapi.

Hapo Shangazi akaliona fagio. Uso ukambadilika. Akakunja mikono ya gauni, akaushika mharagwe nchani, akaanza kuufumua pale pale mezani, mbele ya mtaalamu, huku akiunong'oneza: wewe mkaidi wewe, wageni wamekaa, unanitia aibu. Akausuka kwa upande mwingine.

Dakta alisimama na kipande cha keki mdomoni. Akauliza, mama, hivi ndivyo unavyofanya siku zote? Kila siku ya kazi, akasema Shangazi. Na mti unafanya nini? Unarudia upuuzi wake. Kila mara? Kila mara. Na wewe? Na mimi naurudisha. Dakta akauliza ni nani atakayechoka kwanza. Shangazi akajibu kwamba hajui kuhusu mharagwe, lakini yeye ni Wickenden.

Dakta akakaa chini akacheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka Hester akampigapiga mgongo. Akasema ameomba nusu ya Uingereza wamfanyie jaribio hili. Makasisi wote waliacha baada ya wiki moja kwa kuihurumia miharagwe. Angetoa meno yaliyobaki apate maandishi ya yote, tangu Pasaka. Akanigeukia. Ndoto yangu, ananigeukia! Akaomba michoro ya asubuhi na ya Jumapili.

Nikasema hakuna. Nikasema ilikuwa inaharibu mingine.

Akaniangalia bila ukali. Akasema hiyo ndiyo iliyokuwa mharagwe. Mingine yote ilikuwa shangazi yangu.

Kisha Baba, ambaye hupenda jambo liishe, akamuuliza wazi. Mambo ya huyu mtoto yana maana, au hayana? Nikafumba macho. Dakta akajibu kwamba ya mtoto, hapana, bado. Ya nyumba hii, ndiyo. Na kama Mama Keziah angekubali kuendelea mpaka vuli, na kila siku kikaandikwa kinachotokea, angeliweka jina lake kitabuni.

Shangazi akauliza, jina langu? Likichapwa? Kanisani waone?

Waone, akasema Dakta.

Ila Shangazi hajui kuandika. Akasema hivyo bila haya, kisha akaniangalia kama mtu anayechagua kuku sokoni na amebaki mmoja. Akasema basi ataniazima mimi. Baba akasema mimi nakwenda Maidstone. Shangazi akasema miavuli ingoje, mvua haiishi Kent. Baba akasema yeye alitoa sharti, na sharti ni sharti. Mtu mwenye akili timamu, hilo ameridhika nalo. Lakini pia alisema koti zuri. Akaunyooshea kidole ule mfuko.

Shangazi akachukua sindano. Akamvua Dakta koti lake pale pale, akashona mfuko, akakaza vifungo viwili, akapangusa udongo, akamvika tena. Akasema, sasa ni zuri.

Baba akalizunguka lile koti kama anayenunua farasi. Akasema mwaka mmoja.

Nimekuja juu chumbani kuandika. Wamebaki chini. Nasikia Dakta na Hester wanazungumza kuhusu nzi. Najua inanipasa kufurahi. Nafurahi. Lakini jina langu! Neno "likithibitika" lilikuwa langu.

Jumapili, 31 Mei

Mahubiri yalihusu ushahidi wa uongo. Kasisi hakuniangalia. Hester aliniangalia. Baadaye getini nikamuuliza kwa nini alikata uzi. Sentensi nzima, ana kwa ana! Akasema ulikuwa unampa kichefuchefu, na pia nilionekana kama mtu anayekaribia kulia. Akasema ningemruhusu aje siku ile ya kwanza, yeye mwenyewe angemkamata Shangazi akiufumua mharagwe, tukaandika pamoja.

Pamoja! Anataka kuniibia nafasi. Nitakuwa macho.

Mharagwe leo umepumzika, ni Jumapili. Umerudi upande wake wote. Nimeuchora hivyo hivyo. Mchoro mbaya sana.

Ijumaa, 19 Juni

Nimekuwa karani mwaminifu. Kila siku Shangazi anaufumua, anausuka, anasema, nami naandika. "Leo umerudi tena. Hauna shukrani." Niliuliza kama tuondoe shukrani. Alikataa. Dakta amejibu: kurasa tatu, pande zote, kwa "Bibi Keziah Wickenden, Mpendwa na Mshiriki". Kwangu mstari mmoja mwishoni. Kijana aendelee kuandika anachokiona, na asiandike asichokiona.

Shauri jema. Nimelinakili kwa herufi kubwa, nimelibandika ukutani juu ya meza.

Shangazi ametembeza ile barua kijiji kizima. Baba amemsomea fundi wa mapipa sehemu yenye neno "Mshiriki". Mjomba Silas amenitumia mwavuli, kwa uchungu.

Lakini leo limetokea jambo kubwa! Shangazi alipokuwa anausuka mharagwe alianza kuimba wimbo wa wafungaji mihopi. Na ncha ikasogea! Wakati ule ule! Mara moja nikaelewa. Mimea inasikia. Mharagwe hurudi upande wake kwa kasi zaidi ukiimbiwa. Hakuna aliyewahi kuliandika hili, hata makasisi. Hili si la Shangazi, yeye alikuwa anaimba tu. Hili ni langu.

Nilimwambia Hester getini. Akauliza nimejaribu mara ngapi. Akauliza kama dirisha lilikuwa wazi. Lilikuwa wazi. Akauliza kama kulikuwa na upepo. Wivu ni kitu kibaya kwa msichana mwenye akili.

Nimemwandikia Dakta kurasa sita, pande zote. Nimetumia neno "limethibitika" mara tatu. Barua imeondoka na gari la posta la alasiri.

Kesho nitamwomba Shangazi aimbe tena, nione.